Muhuri wa Marehemu Theuri

Mwaka wa 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili, mashine ya kumenya kahawa ilimshika baba mkono kiwandani, na masomo yangu yakaishia hapo: darasa la tano, katikati ya muhula wa pili. Mkono haukurudi, na mimi sikurudi. Anayetaka kunihurumia aache. Nilijihurumia mwenyewe mwaka mzima na sikupata hata kikombe cha uji. Nasema hivi ili nyinyi makarani wa leo, wenye diploma za sheria na simu mbilimbili, mjue anayewaandikia ni nani. Mimi ni Wachira, Baba Nyokabi kwa wanaonijua, na kwa miaka thelathini na minane nimekuwa karani wa wakili mjini Nyeri. Kazi yetu ilikuwa kutetea kampuni za mikopo na vyama vya akiba, wachunguzi wa serikali wanapobisha mlango, na baadaye mambo yanapofika kortini.

Nimestaafu miezi mitatu sasa. Mke wangu ameninunulia kiti cha kukunja, ati niwe naota jua. Sijakikalia. Haya nayaandika nimesimama, karatasi iko ukingoni mwa dirisha, jinsi nilivyozoea kujaza fomu kwenye kaunta ya masjala ya mahakama. Nikikaa, miguu inaniuliza tunaenda wapi.

Nilishuka Nyeri kutoka milima ya Othaya nikiwa na miaka kumi na sita, nikapata kazi ya kufagia duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Kiingereza changu nilikitoa kwenye majora ya vitambaa na kwenye ankara. Mtoto wa mwenye duka, Pradip, alikuwa akikaa nyuma ya kaunta akila njugu na kuwatania wateja kwa Kikuyu kilichonishinda hata mimi. Akaenda ng'ambo kusoma, akarudi wakili, akafungua ofisi ghorofani juu ya duka la baba yake. Siku ya pili alishuka ngazi akanikuta na ufagio.

"Wachira, unajua kusoma?"

"Najua kusoma bei."

"Itatosha. Weka ufagio chini."

Hiyo ndiyo barua ya kuajiriwa niliyopewa. Sijawahi kuona nyingine.

Aliyenifundisha kazi ni Elijah, karani mzee aliyevaa koti juu ya koti, kiangazi na masika. Alinipa sindano ya kushonea magunia, uzi wa kijani na rula ya chuma, akaniambia hivyo ndivyo vyombo vya sheria, vitabu ni vya wakili. Alinionyesha kutoboa matundu matatu, si mawili, na kuvuta uzi mpaka karatasi zilie. Alinifundisha kuandika namba za kurasa kwa mkono, pembeni juu, kwa wino mweusi, kwa sababu jaji akikosa ukurasa hamlaumu aliyeandika, anamlaumu anayetetewa.

Siku yangu ya kwanza masjala nilipanga foleni kutoka saa mbili mpaka saa sita. Nilipofika dirishani karani akachukua bahasha yangu, akaifungua, akaniangalia.

"Mshtakiwa wako yuko seli gani?"

"Hayuko seli. Yuko mjini Kenol, ana ofisi ya ghorofa."

Nilikuwa nimepanga foleni ya kesi za jinai. Nyuma yangu kulikuwa na akina mama wamekuja kuwadhamini watoto wao. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Elijah aliposikia hakucheka. Aliniambia nirudi kesho nijifunze madirisha yote kwa kusimama tu, bila karatasi mkononi. Nilisimama siku nne.

Mambo ya uchunguzi nilijifunzia Nanyuki, kwenye kampuni iliyokopesha wafanyabiashara waliouzia wanajeshi wa kigeni vinyago na viatu vya ngozi. Wachunguzi walikuja watano, na makatoni. Meneja alijifungia chooni. Elijah alinivuta kando akaniambia mambo ninayowapa nyinyi leo bila malipo. La kwanza, wape chai. Mchunguzi aliyeshika kikombe anapekua kwa mkono mmoja. La pili, usibishane naye hata akitukana. Mwambie wewe hukusoma sana, akusaidie kutamka jina la kila faili anayoichukua, polepole. Atakutamkia kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. Wewe andika. Mwisho wa siku anaposaini orodha yako atakuta ni ndefu kuliko yake, na karatasi ikipotea njiani kwenda Nairobi itajulikana ilipotea mikononi mwa nani. Darasa langu la tano limeokoa kampuni nyingi zenye mameneja wa digrii.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimelizunguka tangu asubuhi. Nimetoka nje mara mbili kuangalia ng'ombe ambao hawana shida yoyote.

Hati ya kiapo, kwa asiyejua, ni karatasi ambamo mtu anaeleza mambo, aya kwa aya, na kuapa kwamba ni ya kweli. Haapi mbele ya wakili wake. Anaapa mbele ya wakili mwingine aliyepewa kazi hiyo, anaitwa kamishna wa viapo. Kamishna anatakiwa amwone kwa macho, amuulize kama amesoma na kama ni kweli, ndipo asaini ukurasa wa mwisho na kugonga muhuri. Sheria ndivyo inavyosema.

Kamishna wetu alikuwa Mzee Theuri, wakili wa zamani, mpole, mwenye ofisi karibu na soko na magoti yaliyokufa. Watu wa kuapishwa walimchosha. Kwa hivyo kila Jumatatu asubuhi alikaa na rundo la kurasa za mwisho, zimepigwa chapa tayari, zimeachwa wazi pa jina na tarehe, akasaini zote na kuzigonga muhuri. Sisi makarani tulipita kuchukua. Elijah aliziita mikia. Hati ikiwa tayari, mteja anasaini popote alipo, unajaza tarehe, unashona mkia, na mtu huyo ameapa. Hakuna aliyeona ni uongo. Mzee Theuri alikuwa kweli, sahihi ilikuwa yake, muhuri ulikuwa wake, mteja alikuwa kweli. Kilichokosekana ni wawili hao kukaa chumba kimoja, na hilo tuliliona kama usumbufu.

Mimi nilijivunia mikia yangu. Hakuna ofisi Nyeri iliyoweza kupeleka kesi kortini kwa haraka kama yetu.

Miaka michache iliyopita, kabla kesi hazijaanza kupelekwa kwa mtandao huku kwetu, tulikuwa tunatetea chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa majani chai upande wa Othaya. Mamlaka inayosimamia vyama hivyo ilikuwa imekichunguza miezi mingi. Walitaka kujua jinsi wanakamati walivyojipa mikopo wao wenyewe. Meneja alikuwa Wangechi, mama wa watoto wawili, aliyeanza hapo akiwa keshia. Mtu wa sauti ya chini, suti na viatu vya raba. Jumatano moja asubuhi alinipigia simu.

"Baba Nyokabi, wameleta barua. Leseni imefutwa. Ati Ijumaa wanafunga na kufuli."

"Umegonga muhuri wa kupokea?"

"Nimegonga, saa mbili."

"Uko wapi sasa?"

"Niko kwa duka ya mbolea hapa nje. Ndani wazee wamejaa, wanauliza bonasi yao. Niwaambie nini?"

Zilibaki wiki mbili bonasi ya majani chai, malipo ya mwaka ya wakulima, ipitie hapo. Wanaojua milima ile wanajua maana yake. Karo ya shule, deni la dukani, mabati ya nyumba ya kijana anayeoa, vyote vinangoja wiki hiyo moja. Kufuli likiwekwa Ijumaa, hakuna ajuaye litafunguliwa lini.

Wakili Pradip aliandika hati akiongea na mwenyekiti wa chama kwa simu. Nilichukua Peugeot yake, nikafika Othaya kabla ya saa nne. Wangechi alisaini duka la mbolea, karatasi imelazwa juu ya gunia.

"Nisome?" akaniuliza.

"Utasoma baadaye. Ni yale yale mliyoongea na wakili."

"Mimi sikuongea na wakili. Ni mwenyekiti aliongea."

"Ni yale yale, Wangechi. Saini."

Akasaini. Nilirudi Nyeri, nikajaza tarehe ya siku hiyo kwenye mkia, nikashona, saa sita hati iko masjala. Saa tisa jaji alikuwa ametoa amri: kufuli lisiwekwe mpaka Jumanne ijayo pande zote mbili zisikilizwe. Pradip alinipiga bega. Nilitembea mjini kama mtu aliyenunua lori.

Ijumaa nikasikia Mzee Theuri amefariki. Jumamosi mchana nikaenda kuhani nyumbani kwake, kofia mkononi. Watu walikuwa wengi uani. Binti yake alinipa chai akaanza kueleza, kama wafiwa wanavyoeleza, mara ya mia.

"Alikunywa uji kidogo, akasema amechoka, akageukia ukuta. Jumanne, saa kumi na moja jioni."

"Jumanne?" nikauliza.

"Jumanne."

"Si Alhamisi?"

Wazee wakageuka kunitazama. Binti akaweka birika chini.

"Baba Nyokabi, tulikuwa naye hapo kwa kitanda cha hospitali. Ni Jumanne. Kwani wewe ulitaka lini?"

Kwenye benchi mtu alikuwa na gazeti la siku hiyo. Picha yake ilikuwa imetoka, na tai, na chini yake tarehe ya kufa kwa herufi ambazo hata mimi nisingeweza kuzikosea. Hati ya Wangechi ilisema Mzee Theuri alimwapisha Jumatano. Na mawakili wa mamlaka, watu wa Nairobi, wanasoma magazeti. Chai ile niliimwaga nyuma ya boma.

Jumatatu nilimngoja Pradip juu ya ngazi. Alikuja na njugu zake kwenye karatasi.

"Wakili, aliyemwapisha Wangechi Jumatano alikuwa mochari."

Aliacha kutafuna. "Rudia."

Nikarudia, nikaeleza yote, gunia la mbolea na mkia. Kisha nikasema, na sitaficha kwamba nilisema: "Tuseme tarehe iliteleza. Tuseme aliapa Jumatatu. Jumatatu Mzee alikuwa mzima, yuko hospitali hapa mjini, magoti tu na kifua. Nani atajua?"

Pradip alifungua faili, faili niliyoishona mwenyewe, akafika kwenye barua ya kufuta leseni tuliyoiambatisha.

"Soma tarehe."

"Imeandikwa Jumanne. Imepokelewa Jumatano saa mbili."

"Kwa hivyo Jumatatu Wangechi aliapa juu ya barua ambayo haijaandikwa. Tumetengeneza nabii wa kike, Baba Nyokabi." Akafunga faili. "Una mikia mingapi?"

"Kwenye droo? Kumi na mmoja."

"Sikuulizi ya droo. Nakuuliza iliyotoka. Miaka yote."

Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikaacha. Yeye akatazama barabara.

"Nilijua unafika haraka," akasema. "Sikuuliza njia. Hilo ni langu. Kesho nitasimama niseme mwenyewe kabla hawajasema wao. Wataninyang'anya kibali au hawataninyang'anya. Lakini amri ikianguka, wazee wa majani chai wamefungiwa. Na Wangechi ndiye amesaini, si wewe. Watasema alidanganya korti. Huyo anaweza kwenda ndani."

Siku ya Jumanne korti ilijaa. Wakulima walikuwa wamekuja na makoti ya mvua. Wangechi alikaa mbele na mwenyekiti. Wakili wa mamlaka, kijana mwenye koti la bei, alikuwa ameficha gazeti chini ya faili, lakini niliona pembe yake na ile picha ya tai. Pradip alisimama wa kwanza, akasema yote bila kuzungusha, akaomba hati iondolewe. Kijana akavuta gazeti lake polepole kwenye magoti, kama mtu aliyebeba zawadi akakuta imeshatolewa.

Jaji alikuwa mama mkavu. "Aliyejaza tarehe yuko?"

Nikasimama.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano, mheshimiwa."

"Darasa la tano walikufundisha kwamba maiti inasaini?"

"Alisaini akiwa mzima, mheshimiwa. Mimi ndiye nilimchelewesha."

Nyuma watu wakacheka. Jaji hakucheka. Alisema hati ile ameitupa nje. Alisema nisikanyage masjala ya mahakama yake miezi sita. Alisema gharama za siku hiyo zitoke mfukoni mwa Pradip, si mwa chama. Kisha akatazama saa.

"Amri yangu ilisimama juu ya karatasi hii. Nawapa mpaka saa nane mchana. Kama sitaona hati iliyoapwa na mtu aliye hai mbele ya mtu aliye hai, amri inaanguka. Wakili, kufuli lenu liko wapi?"

"Liko kwa gari, mheshimiwa," kijana akajibu.

Ilikuwa saa tano. Tulichapa maneno yale yale upya, tukampeleka Wangechi kwa naibu msajili, ambaye naye anaweza kuapisha. Alikuwa kijana wa miwani, Biblia mezani, haraka hana. Wangechi alikaa mbele yake. Mwenyekiti na Pradip walisimama nyuma ya kiti. Mimi nilibaki mlangoni, nusu ndani, sikujua kama marufuku yangu inafika hapo.

"Umesoma hati yako?" naibu akauliza.

"Hapana."

"Basi soma. Tutangoja."

Akasoma. Alisoma kwa kidole, kama mtu anayechagua mchele. Saa sita ikapita. Mwenyekiti alikuwa anatazama saa yake ya dhahabu, mimi natazama ya ukutani. Kidole kikafika aya ya kumi na moja kikasimama.

"Hii siapi."

"Nini?" mwenyekiti akainama.

Akasoma kwa sauti. Ilisema kwamba mikopo yote waliyopewa wanakamati ilijadiliwa na kupitishwa katika vikao halali, naye akiwapo.

"Hakukuwa na kikao," Wangechi akasema. "Kumbukumbu za kikao nililetewa kwa meza zimeandikwa tayari. Nikasaini tu."

"Wewe! Si Jumatano ulisaini hii hii?"

"Jumatano nilisaini juu ya gunia. Hakuna mtu aliniuliza kitu. Leo nimeulizwa."

"Utatumaliza. Watoto wako watakula nini, chama kikifungwa?"

"Watakula, mwenyekiti. Nikiwa ndani nani atawapikia, wewe?"

Naibu msajili aliinua macho juu ya miwani. "Hapa ni kwa kuapa. Kugombana ni huko nje."

Nyote mnaofanya kazi hii mnaelewa tulipokuwa. Aya ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa mgongo wa utetezi wetu. Bila hiyo, tunaenda mbele ya jaji na mkono mmoja. Nayo, Wangechi anaapa uongo, safari hii kweli kweli. Pradip aliniangalia pale mlangoni. Sijui kwa nini aliniangalia mimi. Kisha akanyoosha mkono.

"Rula."

Nikaingia nikampa. Akaweka rula ya chuma chini ya aya, akaikata kwa kalamu, mstari juu ya mstari.

"Wakili!" mwenyekiti akapaza sauti. "Anayekulipa ni mimi!"

"Hapana, mzee. Mteja wangu ni chama. Wewe umekalia kiti chake tu." Aliongea polepole, kwa Kikuyu, na heshima zote, kisha akanirudishia rula.

Wangechi akasaini pembeni mwa mstari uliokatwa. Akasimama, akashika Biblia, akaapa. Miaka yote ile ya kazi, nilikuwa sijasikia kiapo kikisemwa mwanzo mpaka mwisho tangu Elijah aniachie droo yake. Si kirefu. Kinaisha kabla hujamaliza kushona tundu la pili.

Saa saba na nusu. Na sasa hati ilitakiwa ipite masjala, na mimi nilikuwa nimefungiwa. Pradip alipanga foleni mwenyewe, na joho lake. Wakili wa miaka yote hiyo hakujua madirisha! Nilisimama kwenye ukumbi nikapiga kelele kama mpiga debe.

"La tatu, wakili! Si hilo, hilo ni la jinai! La tatu!"

Mama mmoja kwenye foleni akamwambia, "Pita, baba, tunaona umechanganyikiwa." Akapita. Saa nane kasoro dakika sita hati ilikuwa mbele ya jaji.

Alisoma yote. Alipofika kwenye aya iliyokatwa alitumia muda. Akamgeukia kijana wa Nairobi.

"Hii aya iliyokatwa, si ndiyo mliyokuwa mnaichunguza?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi jibu mmelipata bila kufunga mlango."

Aliamuru kufuli lirudi Nairobi kwa gari lililokuja nalo. Wachunguzi waingie, wasome kila faili, na kamati yote ikae kando mpaka wamalize. Wangechi abaki kazini, mtu wa mamlaka akimwangalia. Bonasi ilitoka wiki yake. Mwenyekiti alishtakiwa baadaye mahakama nyingine, akatetewa na wakili mwingine, na Wangechi akawa shahidi wa upande wa mashtaka. Hilo si langu kulisimulia.

Nilimwambia Pradip nitaacha kazi. Akasema, "Uende wapi? Huna hata cheti cha kukutoa hapa." Nilimkasirikia wiki nzima. Mikia kumi na mmoja niliichoma uani, kwenye debe, yeye akiwa amesimama ngazini. Gharama alizoamuru jaji alizilipa, hakunitaja tena, na tangu siku hiyo kila mteja wetu alipelekwa kwa kamishna mzima, akasoma hati yake kwa sauti mbele yangu. Mameneja walilalamika nawafanya watoto wa shule. Nikawaambia mimi shule sikumaliza, wanisaidie.

Ile miezi sita ya marufuku nilikaa ofisini nikishona faili za zamani zilizolegea uzi. Nilianza kuzisoma. Hilo ndilo kosa, au ndilo lililo sawa, bado sijaamua. Nilipata kesi ya mfanyabiashara wa Nanyuki, mshonaji wa viatu vya ngozi, aliyekopa akanunua pikapu. Kampuni tuliyoitetea ilimnyang'anya pikapu hiyo, ofisa wake akaapa kwamba alimpa ilani mara tatu kwa mkono. Mkia wa Mzee Theuri. Nilimshonea ofisa huyo mimi mwenyewe. Namkumbuka yule mshonaji kwenye ukumbi wa mahakama, anapiga kelele, "Sikupewa barua hata moja! Hata moja!" Sisi tulipita. Wote husema hivyo.

Pengine ilani alipewa. Pengine ofisa, angekalishwa mbele ya mtu wa miwani akaambiwa asome, kidole chake kingesimama mahali. Sijui. Nimeenda Nanyuki kumtafuta. Kibanda chake siku hizi kinauza simu. Jirani akaniambia alihamia Meru. Nimeenda Meru mara mbili, mke wangu anadhani natafuta bei ya viazi. Nikimpata sijui nitamwambia nini, lakini kukaa siwezi.

Nyinyi vijana mtaniambia mambo hayo yaliisha, sasa ni mtandao. Nimeona simu zenu. Nimeona sahihi ya kamishna imepigwa picha, imehifadhiwa, inabandikwa kwenye hati akiwa amekwenda sherehe. Mmepunguza uzi tu. Mtu wenu akiuliza "Nisome?", mwambieni asome, hata kama gari linanguruma nje.

Leo nina hivi. Ekari moja na robo Othaya, nusu majani chai, nusu nyasi ya ng'ombe. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne. Ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Tangi la maji la plastiki. Suti mbili za kortini, moja imenibana. Mke mmoja, watoto watatu waliomaliza shule. Kiti cha kukunja. Na uanachama katika chama kile cha akiba. Nilijiunga mwezi ule ule wa kesi. Wangechi ndiye alinipa fomu, kurasa nne, nikashika kalamu niweke sahihi chini.

"Soma kwanza, Baba Nyokabi," akasema, akavuta kalamu mkononi mwangu. "Niko hapa mpaka saa kumi."

Nikasoma zote nne.